Mlango ambao haukufungwa: kisa cha Bab el-Mandeb na meli zilizolazimika kuizunguka Afrika

Mwaka 2024 ilikuwa kawaida kusikia kwamba Bahari ya Shamu imefungwa. Haikufungwa hata siku moja. Mfereji wa Suez ulifanya kazi usiku na mchana, na meli ziliendelea kukatiza Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa bahari hiyo, kila siku. Pamoja na hayo, meli zilizopita Suez zilishuka kutoka zaidi ya 26,000 mwaka 2023 hadi 13,213 mwaka 2024, na mapato ya mfereji yakaporomoka kutoka dola bilioni 10.25 hadi bilioni 3.99. Makombora ya Wahouthi wa Yemen ndiyo yaliyoanzisha jambo, lakini uamuzi wa kuzigeuza meli ulifanyika kwenye ofisi za bima na za wenye meli, kwa kalamu na kikokotoo. Asiyeifuata hesabu hiyo hataelewa kwa nini bei za kontena zilipanda kiasi kile, wala kwa nini manowari za mataifa makubwa hazikuweza kuzirudisha meli kwenye njia yake.

Ilivyoanza

Bab el-Mandeb ina upana wa kilomita 30 hivi pale inapobana zaidi. Upande mmoja ni Yemen, upande wa pili Djibouti na Eritrea, na kisiwa cha Perim kinaugawa mlango huo katika mikondo miwili. Meli kubwa hutumia ule wa magharibi, ambao ndio mpana, lakini bado ziko karibu mno na pwani ya Yemen kiasi kwamba rada ya kawaida na boti ndogo vinatosha kuzifuatilia. Kabla ya mgogoro, takriban asilimia 12 ya biashara ya dunia na karibu asilimia 30 ya makontena yote vilipita Suez, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa ikipita pia hapa.

Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen wanaoshikilia Sanaa na pwani ya Hodeidah, walianza kurusha makombora na droni kuelekea Israel wiki chache baada ya vita vya Gaza kuanza. Tarehe 19 Oktoba 2023 manowari ya Marekani, USS Carney, ilidungua makombora na droni kaskazini mwa Bahari ya Shamu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Novemba, wapiganaji waliteremka kwa helikopta kwenye sitaha ya Galaxy Leader, meli ya kubebea magari iliyokuwa ikitoka Uturuki kwenda India bila mzigo. Mabaharia wake 25 walishikiliwa hadi Januari 2025.

Mwanzoni tangazo lilikuwa kwamba zinazolengwa ni meli zenye uhusiano na Israel. Desemba 2023 likapanuliwa hadi meli yoyote inayokwenda bandari za Israel, na baada ya Marekani na Uingereza kuanza kuishambulia Yemen kwa ndege tarehe 12 Januari 2024, meli za nchi hizo nazo zikaingizwa kwenye orodha. Siku zilizobadili mambo kabisa, hata hivyo, ni tarehe 14 na 15 Desemba 2023. Maersk Gibraltar ilikoswakoswa na kombora, kisha Al Jasrah ya Hapag-Lloyd na Palatium III ya MSC zikashambuliwa. Ndani ya siku mbili tatu Maersk, Hapag-Lloyd, MSC na CMA CGM zote zilisimamisha safari kupitia njia hiyo. Kampuni hizo nne peke yake zinamiliki au kukodi zaidi ya nusu ya uwezo wa meli za makontena duniani. Tarehe 18 Desemba BP nayo ikaziondoa meli zake za mafuta.

Hesabu ya mwenye meli

Bima ya kawaida ya meli haigharimii hasara za vita. Mwenye meli hukata bima ya vita kando, na meli inapotaka kuingia eneo lililoorodheshwa kuwa la hatari lazima ampe taarifa mwenye bima, yaani kampuni inayomkinga, na alipe nyongeza kwa safari hiyo. Orodha ya maeneo hutolewa na kamati ya pamoja ya soko la bima la London, ambayo tarehe 18 Desemba 2023 ilisogeza mpaka wa eneo la hatari katika Bahari ya Shamu kwenda kaskazini zaidi. Nyongeza hulipiwa kwa kipindi cha siku saba, na nukuu ya bei hudumu saa chache tu. Shambulio likitokea usiku, asubuhi bei ni nyingine.

Kabla ya mgogoro nyongeza hiyo ilikuwa chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ilifika kati ya asilimia 0.7 na 1. Kwa meli ya dola milioni 100, malipo ya kupita mara moja yalipanda kutoka chini ya dola 100,000 hadi dola 700,000 au hata milioni moja.

Sasa tuiweke hesabu yote mezani, kwa takwimu za mfano zisizo mbali na soko la wakati ule. Chukua meli ya makontena 15,000 ya futi 20, inayotoka Singapore kwenda Rotterdam. Kupitia Suez ni maili za baharini zipatazo 8,300. Kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, ni kama 11,750. Tofauti ni takriban maili 3,450. Meli ikienda maili 16 kwa saa, hukata maili 384 kwa siku, kwa hiyo mzunguko huo unaongeza siku 9. Ikiunguza tani 100 za mafuta kwa siku, ni tani 900 zaidi, na kwa dola 600 kwa tani ni dola 540,000. Ukodishaji wa meli yenyewe kwa dola 60,000 kwa siku unaongeza dola 540,000 nyingine. Jumla ni dola 1,080,000.

Upande wa pili wa daftari, meli isiyopita Suez haimlipi Mmisri. Tozo ya mfereji kwa meli kubwa namna hiyo ni laki kadhaa za dola; tuseme 600,000. Ongeza bima ya vita ya asilimia 0.7 kwa meli ya dola milioni 100, yaani dola 700,000. Jumla ni 1,300,000, na hapo bado hujawalipa mabaharia malipo maradufu wanayostahili kwenye eneo lililotangazwa la hatari, ambako wana haki pia ya kukataa kabisa kusafiri. Kuzunguka kumekuwa rahisi kuliko kupita. Na hiyo ni kabla ya kufikiria uwezekano wa kombora kuua watu, kama lilivyofanya kwenye True Confidence tarehe 6 Machi 2024, ambapo mabaharia watatu walipoteza maisha.

Ukibadilisha tarakimu moja tu, jibu linageuka. Bima ya asilimia 0.2 ingezirudisha meli nyingi Suez. Ndiyo sababu meli zenye thamani ndogo, meli kuukuu, na zile zilizojiona salama kisiasa ziliendelea kupita: asilimia ileile ya bima inakatwa kwenye thamani ndogo, na kwa meli ndogo mzunguko wa Afrika unauma zaidi. Mafuta ya Urusi kwenda India yaliendelea kupita kwa wingi.

Nahodha anaweza kujaribu kufidia siku kwa kuongeza mwendo, na wengi walifanya hivyo mwanzoni. Ni dawa ghali. Mafuta yanayounguzwa kwa kila maili hupanda takriban kwa mraba wa mwendo: kutoka maili 15 hadi 18 kwa saa ni nyongeza ya asilimia 20 ya mwendo, lakini ni asilimia 44 ya mafuta kwa umbali uleule. Kuanzia Januari 2024 kuna gharama nyingine juu yake, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulianza kuzitoza meli kwa hewa ya kaboni: nusu ya hewa ya safari inayoanzia au kuishia nje ya Ulaya huhesabiwa, na kati ya hiyo asilimia 40 ililipiwa kwa mwaka 2024, asilimia 70 kwa mwaka 2025. Safari ikirefuka, bili hiyo nayo inarefuka.

Siku tisa zinavyokula meli

Hapa ndipo wachambuzi wengi wa magazetini walipokosea. Waliona siku 9 au 10 za nyongeza na kusema ni ucheleweshaji mdogo, mzigo utafika tu. Tatizo ni kwamba meli ya makontena hufanya kazi kwa ratiba ya mzunguko. Huduma ya kila wiki kati ya Asia na kaskazini mwa Ulaya, ikiwa mzunguko mzima wa kwenda na kurudi unachukua siku 84, inahitaji meli 12 ili kila bandari ipate meli moja kila wiki. Ukiongeza siku za Rasi kwenda na kurudi, mzunguko unafika siku 98 au zaidi, na huduma ileile inahitaji meli 14. Hakuna hata kontena moja la ziada lililobebwa, lakini meli mbili kubwa zimemezwa. Zidisha kwa huduma zote za Asia na Ulaya, Asia na Mediterania, na zile za Asia kwenda pwani ya mashariki ya Marekani zilizokuwa zikipita Suez, na utaelewa kwa nini dunia iliyokuwa na meli nyingi kupita kiasi ilijikuta na upungufu ndani ya wiki sita.

Ushahidi mzuri uko kwenye vitabu vya Maersk. Februari 2024 kampuni iliwaambia wanahisa wajiandae kwa faida ya uendeshaji kati ya sifuri na hasara ya dola bilioni 5, kwa sababu meli mpya zilikuwa zikimiminika sokoni na nauli zilitarajiwa kuanguka. Mwaka ulipoisha ilikuwa na faida ya uendeshaji ya dola bilioni 6.5. Kilichobadilika ni kwamba mgogoro ulizimeza meli zote za ziada. Aliyetarajiwa kuumia, yaani msafirishaji, ndiye aliyevuna.

Kipimo cha Drewry, kampuni ya utafiti wa soko la meli, cha wastani wa nauli ya kontena la futi 40 kilikuwa karibu dola 1,660 wiki ya tatu ya Desemba 2023. Mwishoni mwa Januari 2024 kilikuwa karibu dola 3,960. Kikashuka kidogo, watu wakapumua, kisha Julai kikafika takriban dola 5,900. Kilele hicho cha pili kinafundisha zaidi ya cha kwanza, maana hakikusababishwa na shambulio jipya. Waagizaji wa Ulaya na Marekani, wakihofia ucheleweshaji, ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa za China na mgomo wa bandari za pwani ya mashariki, waliagiza mizigo ya mwisho wa mwaka miezi miwili mapema. Wote kwa pamoja. Makontena matupu yaliyokuwa yakirudi China kwa kuzunguka Afrika hayakuwa yamefika, na Singapore ikajaa hadi meli zikasubiri siku kadhaa nje kupata gati. Kila mmoja alijikinga kwa busara, na kinga za wote zikazaa uhaba waliouogopa.

Ramani ya bandari nayo ikapinduka. Meli ikitoka Rasi huingia Mediterania kupitia Gibraltar, kwa hiyo Algeciras na Tanger Med, zilizoko mlangoni, zikalemewa na mizigo ya kuhamishiwa meli nyingine. Piraeus, iliyokuwa ya kwanza baada ya Suez, ikawa ya mwisho wa njia. Jeddah na bandari jirani ya King Abdullah zikapoteza meli kubwa zilizokuwa zikihamishia mizigo pale. Baadhi ya mizigo yao ikaanza kushushwa Ghuba na kukatiza Saudi Arabia kwa malori.

Viwandani pigo lilikuwa la ghafla lakini fupi. Tesla ilisimamisha sehemu kubwa ya kiwanda chake karibu na Berlin kuanzia 29 Januari hadi 11 Februari 2024 kwa kukosa vipuri. Volvo ilisimama siku tatu Gent ikisubiri giaboksi, na Suzuki ikasimama wiki moja Hungaria ikisubiri injini kutoka Japani. Baada ya Machi taarifa za aina hiyo zilikwisha. Viwanda havikuhitaji njia fupi. Vilihitaji njia inayotabirika. Safari ya siku 45 inayofika siku ya 45 inapangika. Safari ya siku 30 ambayo pengine itakuwa 30, pengine 50, haipangiki.

Mfereji wa Panama, kwa bahati mbaya, ulikuwa umepunguza meli hadi 24 kwa siku kutokana na ukame wa ziwa Gatun, badala ya 36 hivi za kawaida. Njia mbadala ya mizigo ya Asia kwenda mashariki mwa Marekani ikawa nayo imebana.

Waliolipa bila kuwa vitani

Israel ndiyo iliyolengwa, na Eilat, bandari yake pekee upande huu, ilipoteza karibu kazi yake yote, hasa magari yatokayo Asia. Lakini biashara kubwa ya Israel hupita Haifa na Ashdod kwenye Mediterania, hivyo kwa taifa zima pigo lilivumilika.

Misri iliumia zaidi. Tozo za Suez huingia kwa fedha za kigeni, na kupungua kwa zaidi ya dola bilioni 6 kwa mwaka mmoja kulikuja wakati nchi tayari ilikuwa na uhaba mkali wa dola. Machi 2024 iliiachia pauni yake ishuke na kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuupanua mkopo hadi dola bilioni 8; wiki chache kabla ya hapo ilikuwa imepata ahadi ya dola bilioni 35 kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu kwa mradi wa Ras el-Hekma. Si haki kusema Suez ndiyo iliyoiangusha pauni, kwa sababu shida zilikuwepo. Ila ilichukua sarafu ngumu wakati mbaya kuliko wote.

Sudan, iliyokuwa vitani tangu Aprili 2023, ina lango moja kubwa la bahari, Port Sudan, na lango hilo liko ndani ya Bahari ya Shamu. Meli ya msaada kutoka Asia iliyokwepa Bab el-Mandeb ililazimika kuizunguka Afrika yote, kuingia Mediterania na kushuka tena kupitia Suez. Yemen yenyewe huagiza sehemu kubwa mno ya ngano yake kutoka nje, na kila nyongeza ya bima ya meli inayotia nanga Hodeidah huishia kwenye bei ya mkate wa Myemeni.

Kuna pia kisa cha Rubymar. Meli hiyo ilipigwa 18 Februari 2024 ikiwa na tani zipatazo 21,000 za mbolea. Mabaharia waliiacha ikiwa imetia nanga, ikaelea na kuburura nanga yake chini kwa siku kadhaa kabla ya kuzama 2 Machi. Katika kipindi hicho nyaya tatu za mawasiliano, AAE-1, EIG na Seacom, zilikatika, na maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba nanga hiyo ndiyo iliyozikata. Seacom ni miongoni mwa nyaya zinazoiunganisha Afrika Mashariki na Ulaya. Kuunganisha waya chini ya bahari ni kazi ya siku chache meli ya matengenezo ikifika, lakini hapa ilichukua miezi, maana meli hiyo ilihitaji vibali katika nchi yenye serikali mbili zinazopigana, na bima ya kusimama mahali pamoja kwenye eneo ambalo wengine wanalikimbia.

Jina la mwenye meli

Wahouthi walisema wanachagua. Kwa hiyo manahodha walianza kutumia nafasi ya bandari wanakokwenda kwenye AIS, ule mfumo wa redio unaoitambulisha meli. Nafasi hiyo inachukua herufi 20 tu. Badala ya jina la bandari, wakaandika kwamba mabaharia wote ni Wachina, au kwamba meli haina uhusiano na Israel. Wengine walizima mfumo kabisa, jambo linalopunguza hatari ya kuonekana na kuongeza hatari ya kugongana usiku kwenye njia iliyojaa meli.

Ulinzi huo wa herufi 20 ulikuwa na kasoro kubwa: mrushaji wa kombora husoma kumbukumbu za umiliki, na kumbukumbu hizo huchelewa. Tarehe 23 Machi 2024 meli ya mafuta Huang Pu, mali ya Wachina, ilipigwa. Kwenye rekodi za nyuma kidogo ilikuwa ikionekana kuwa na uhusiano na Uingereza. Mwenye meli aliyenunua chombo miezi michache iliyopita alikuwa na sababu ya kuangalia kwanza kama hifadhidata za umma zimesahihishwa, kabla hata ya kupanga njia.

Kwa nini manowari hazikutosha

Desemba 2023 Marekani ilitangaza operesheni ya kulinda meli, na 19 Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukaanzisha yake, Aspides, yenye makao makuu Larissa, Ugiriki. Zilidungua droni na makombora mengi na kuokoa maisha ya watu. Tatizo ni la kiuchumi pande mbili. Kombora la SM-2, linalorushwa na manowari za Marekani, linagharimu takriban dola milioni 2, na droni linayoidungua inaweza kugharimu maelfu tu. Na hata ulinzi ukifaulu mara 95 kwa mia, mwenye bima anahesabu zile tano. Meli moja iliyozama, kama Tutor iliyopigwa kwa boti isiyo na rubani Juni 2024, inafuta miezi ya utulivu kwenye jedwali lake la bei.

Manowari zilipoelekezwa Bahari ya Shamu, maharamia wa Kisomali waliona mwanya. MV Ruen ilitekwa Desemba 2023, na tarehe 12 Machi 2024 MV Abdullah ikatekwa na mabaharia 23 ikitoka Maputo na tani 55,000 za makaa ya mawe. Kwa wenye meli hiyo ilikuwa na maana moja: hata njia ndefu ya Bahari ya Hindi ilitakiwa kupita mbali na pwani.

Baada ya usitishaji vita wa Gaza wa Januari 2025 na kuachiwa kwa mabaharia wa Galaxy Leader, wengi walitarajia meli zirudi. Hazikurudi. Mtandao wa huduma za kila wiki hauhami kwa siku moja. Unahitaji wiki sita hadi nane za kupanga upya meli, mafuta, nafasi za gati na mikataba. Hakuna kampuni inayofanya hivyo kwa utulivu unaoweza kuvunjika mwezi ujao. Maersk na Hapag-Lloyd, kwa mfano, zilianza ushirikiano wao wa Gemini tarehe 1 Februari 2025 zikiwa zimeujenga juu ya njia ya Rasi. Na tusifichane, kurudi Suez kungeachia meli sokoni na kushusha nauli, jambo ambalo hakuna mwenye meli aliyelikimbilia.

Waliosubiri walionekana wenye akili. Machi 2025 Marekani ilianza upya mashambulizi makubwa, Mei ikafikia makubaliano na Wahouthi kwa upatanishi wa Oman, na Julai Magic Seas na Eternity C zikazamishwa ndani ya wiki moja, baadhi ya mabaharia wa Eternity C wakiuawa na wengine kushikiliwa. Makubaliano ya Mei yalihusu meli za Marekani. Hizi mbili hazikuwa za Marekani.

Mzigo ukiwa tayari baharini

Kwa mwagizaji, makosa yaliyogharimu zaidi yalikuwa kwenye karatasi. Mkataba wa usafirishaji humpa mwenye meli uhuru wa kubadili njia kwa usalama, kwa hiyo kuzunguka Rasi si uvunjaji wa mkataba, na tozo za ziada zinazotangazwa kwa barua pepe usiku wa Ijumaa kwa kawaida zinalipika. Aliyenunua kwa masharti ya FOB alibeba nauli mpya yeye mwenyewe. Aliyenunua kwa CIF alimwachia muuzaji nauli, lakini ucheleweshaji ulibaki wake.

Bima ya mzigo inahitaji kusomwa mstari kwa mstari. Hata ile pana kabisa, inayoitwa A, haigharimii vita; kifungu cha vita hukatwa kando, na kinga yake kwa kawaida hukoma mzigo unaposhushwa, au siku 15 baada ya meli kufika. Na hasara inayotokana na ucheleweshaji hailipwi, hata kama ucheleweshaji wenyewe umesababishwa na jambo lililokingwa. Matunda yaliyooza kwenye kontena lenye ubaridi kwa sababu safari ilirefuka kwa siku 12 ni hasara ya mwenye matunda. Barua ya malipo ya benki, ile LC, nayo ina tarehe ya mwisho ya kuwasilisha hati. Meli ikikosa nafasi ya kupakia kwa wiki mbili, tarehe hiyo inapita na benki haina wajibu tena. Waliozoea kazi waliomba kurefushiwa siku 30 mapema, kabla muuzaji hajapata sababu ya kudai bei mpya.

Kuhusu akiba, hesabu ni hii. Ukitumia vipande 40 kwa siku na safari ikatoka siku 35 hadi 49, mzigo ulio njiani wakati wowote unapanda kutoka vipande 1,400 hadi 1,960. Vipande 560 vya ziada kwa dola 50 ni dola 28,000 zilizofungwa baharini, na kwa riba ya asilimia 12 ni dola 3,360 kwa mwaka. Hiyo ndiyo sehemu ndogo. Akiba ya dharura ghalani inategemea tofauti kati ya safari fupi na ndefu, si wastani: ikiwa meli inaweza kuchelewa siku 10 juu ya ratiba, unahitaji vipande 400 vya kusubiria, bila kujali kama ratiba yenyewe ni siku 35 au 49. Wengi waliongeza cha kwanza na kusahau cha pili.

Kurudi Suez, kutakapokuwa kamili, kutaleta msukosuko wa kwake. Meli zilizoondoka Asia mapema kupitia Rasi na zile zilizoondoka siku tisa baadaye kupitia mfereji zitafika Rotterdam, Antwerp na Hamburg wiki moja. Gati zitajaa, malori hayatatosha, na makontena yatakaa uwanjani hadi siku za bure zikwishe na tozo zianze kuhesabika. Ghala lililopangwa kwa safari ya siku 49 litapokea mizigo ya wiki mbili za ziada kwa mkupuo. Nauli zitashuka, na aliyefunga mkataba wa mwaka mzima kwa bei ya wakati wa hofu atakuwa analipa zaidi ya jirani yake. Kwa hiyo mkataba wa sasa unafaa uwe na kifungu cha kufuata kipimo cha soko, muda wa miezi mitatu badala ya 12, na siku za bure za kontena zisizopungua 14 bandarini. Cha kufuatilia kila wiki ni asilimia ya bima ya vita kwa Bahari ya Shamu, maana itashuka kabla ya kampuni yoyote ya meli kutangaza lolote.